Mwalimu Sirad Ahamishiwa Kituo cha Hisabati cha Griftu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Maalim Hamze. Bwana Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi ya Bula Dhagah. Bwana Naibu wa Mwalimu Mkuu, ambaye hayupo kwa sababu amekwenda kuazima viti, na kwa hiyo namtambua kupitia viti alivyokwisha kuleta. Bwana Chifu, aliyemtuma msaidizi wake. Bwana Msaidizi wa Chifu, aliyetuma kofia yake, naiona pale mezani na naipa heshima zake zote. Wafadhili, kama wamefika. Waandishi wa habari, kama walipata mwaliko. Wazee wa mtaa, vijana wa mtaa, na wale walio katikati ambao serikali bado inawatafutia jina. Wazazi wa kiume mlio kivulini, wazazi wa kike mlio nyuma ya kivuli, na nyinyi wanafunzi mlio juani: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemsahau, basi ajihesabu kuwa ametajwa. Assalamu alaykum.

(Watu wakaitikia salamu. Mgeni alitarajiwa saa mbili asubuhi, naye alifika saa tano kasoro. Darasa la Nane lilikuwa limetolewa katika somo la hisabati ili kufagia uwanja, na tangu hapo halikurudishwa ndani.)

Kwa wale wasionifahamu, na dereva wangu ameniambia njiani kwamba ni wachache sana, mimi ndiye Naibu Mratibu Mwandamizi wa Ofisi ya Uhamasishaji wa Hisabati katika Kanda Kame. Nimekuwa katika mkoa huu kwa muda wa miezi minane tangu mwaka jana wa 1995, na katika kipindi hicho nimefanya ziara, nimeongoza semina, nimefungua warsha na nimefunga warsha, na mara moja nilifungua na kufunga warsha ile ile kabla washiriki hawajafika, ili kuokoa muda wao, kwa maana muda wa mwananchi ni rasilimali, na rasilimali ikipotea hairudi mpaka mwaka mwingine wa bajeti.

(Makofi kutoka kwa Mwalimu Mkuu.)

Nimekuja hapa leo kwa mambo mawili ambayo, ukiyatazama kiutaalamu, ni jambo moja. La kwanza ni kuutangazia umma habari za Kituo cha Kanda cha Umahiri wa Hisabati na Ushirikishwaji wa Jamii, kilichoko Griftu, wilaya jirani ya Wajir, ambacho ni cha kwanza cha aina yake katika mkoa, katika nchi, na pengine katika mahali pengine popote ambapo sijafika. (Makofi.) La pili ni kuwaarifu kwamba mwalimu wenu wa hisabati wa madarasa ya juu, Mwalimu Sirad, kutokana na kazi yake ambayo ofisi yangu imeifuatilia kwa makini sana kutoka mbali, ameteuliwa kuwa Mkuu wa Kituo hicho, na ataondoka hapa Jumatatu ijayo kwa lori lolote litakalokuwa linaelekea huko.

(Kwa jambo la kwanza watu walipiga makofi, kwa kuwa makofi ya namna hiyo hayamgharimu mtu kitu. Kwa jambo la pili hakuna aliyepiga. Vichwa viligeuka kumtazama Mwalimu Sirad, aliyesimama kando ya mstari wa Darasa la Nane, na kwa uso wake walijua kwamba hata yeye alikuwa akilisikia jambo hilo pamoja nao. Mwezi ulikuwa Julai. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni Novemba.)

Naona mmeguswa. Ukimya kama huu ndio tunaouita katika ofisi yangu mwitikio wa kina.

(Mama mmoja aitwaye Saynab, ambaye binti yake Ayan yuko Darasa la Nane, alisimama na kuuliza: "Na watoto, Bwana Mkubwa? Nani atawafundisha?")

Swali zuri, mama, tena limekuja mapema. Nitalijibu katika ukurasa wa kumi na moja. Sasa hivi niko ukurasa wa tatu.

Ndugu wananchi, mtu huweza kujiuliza, kwa nini Mwalimu Sirad? Mkoa huu una walimu wengi, na wengine wao wana magari. Jibu ni kwamba Mwalimu Sirad haishii ubaoni. Ameshiriki, ameshirikisha, na ameshirikiana, na haya ni maneno matatu tofauti ambayo nimeyaeleza kwa kirefu katika kijitabu nitakachokichapisha. Nichukue mfano wa soko la mifugo. Kila Jumatano, baada ya somo la asubuhi, amekuwa akilipeleka Darasa la Saba kwenye soko hilo, akiwasimamisha watoto penye kivuli cha lori, wawasikilize wafanyabiashara wakipatana bei kwa kushikana vidole chini ya shuka, kisha anawauliza: yule ameanzia wapi, ameshuka mara ngapi, amefika robo ya njia au nusu? Na watoto wanajua sehemu na asilimia kwa namna ambayo mimi mwenyewe, nakiri, ilibidi nielezwe mara ya pili. Sasa, huo ni ubunifu wa ofisi yangu. Ni kweli kwamba aliuanza kabla ofisi yangu haijaundwa, lakini ofisi yangu ilipoundwa iliuona, na katika utawala wa kisasa, kuona ni sehemu ya kubuni.

(Kicheko kidogo upande wa wanaume. Kwa asiyejua, wanunuzi na wauzaji wa mifugo hapa huwekeana mikono chini ya kitambaa, na kila kidole kina thamani yake, ili walio karibu wasijue bei. Ili mtoto aruhusiwe kusimama karibu na jambo hilo, mwalimu wake ni lazima awe mtu anayeaminiwa sana.)

Aidha, kuna suala la ziara za nyumbani. Tumepata taarifa kwamba msichana anapofika Darasa la Sita au la Saba, na mzazi akaanza kusema kwamba masomo yametosha, Mwalimu Sirad huenda nyumbani kwao alasiri, akakaa na mama, akanywa chai, akazungumza habari za mvua, habari za mgonjwa, habari za harusi ya jirani, na wala hataji shule mpaka kikombe cha tatu kimemiminwa. Katika ripoti yangu mkakati huu nimeupa jina la Modeli ya Chai, Awamu ya Tatu. Makao makuu walipousoma waliniuliza awamu ya kwanza na ya pili zina shabaha gani, nami nikawajibu kwamba hizo ni za sukari.

(Kicheko. Wanawake walicheka zaidi, kwa sababu kila mmoja wao alikwisha kumimina kikombe hicho cha tatu.)

Nashukuru kwa kicheko chenu. Kinaonyesha kwamba mradi unaeleweka katika ngazi ya chini.

Sasa niingie kwenye takwimu, kwa maana hotuba ya hisabati isiyo na takwimu ni kama ofisi isiyo na muhuri. Mnamo mwezi wa Machi, ofisi yangu ilifanya utafiti wa kina katika mtaa huu. Niliwatuma wadadisi wangu wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja tu la msingi, rahisi, lisilo na utata: una mbuzi wangapi, una ngamia wangapi, una ng'ombe wangapi? Tulitaka kujua mazingira anamotoka mwanafunzi, ili somo lilingane na mazingira. Matokeo yalitushtua. Asilimia mia moja ya wazazi walisema: hatuna. Nyumba zote. Mzee mmoja alisema hana mbuzi hata mmoja, na mdadisi akaandika hivyo huku akiwa amesukumwa mgongoni na kitu ambacho katika ripoti tumekiita mnyama asiye na mwenyewe.

(Kicheko kikubwa. Jambo hili linahitaji maelezo kidogo kwa mtu wa mbali. Mfugaji wa huku haambii mtu idadi ya mifugo yake. Kuitaja ni kuikaribishia jicho la husuda, na pia ni kama kujigamba mbele ya Mungu aliyeitoa na anayeweza kuichukua. Mtu anawajua wanyama wake kwa rangi, kwa pembe, na kwa mama zao. Akikosekana mmoja jioni anajua ni nani, bila kuhesabu. Mwalimu Sirad alilijua hilo tangu utoto wake, na ndiyo maana katika hesabu zake zote za ubaoni mbuzi ni wa mtu wa mbali asiyejulikana. Watoto humwita mtu huyo Tajiri wa Nairobi, na humwonea huruma, kwa jinsi mbuzi wake wanavyogawanywa kila siku.)

Kutokana na utafiti huo, ofisi yangu imependekeza mradi mwingine wa dharura, Mradi wa Kumtambulisha Mbuzi kwa Jamii, ambao utawawezesha watoto wa hapa kumwona mbuzi kwa karibu, kumgusa, na kuzoea sauti yake.

(Nyuma ya ua wa shule mbuzi walilia. Hakuna aliyegeuka kutazama, kwa adabu.)

Naona upepo umeanza. Nisonge mbele.

Mwalimu Sirad, hebu sogea hapa mbele umma ukuone. Sogea, sogea. Usiogope, ni cheo, si adhabu. Sema neno moja la shukrani, fupi, kwa kuwa muda wa kushukuru wengine nimeupanga mwishoni.

(Mwalimu Sirad akasogea. Alisema: "Nashukuru kwa kutajwa. Nina swali. Huko Griftu, kwenye Kituo, kuna wanafunzi?")

Hapana, Mwalimu. Hiki ni kituo cha umahiri. Wanafunzi huharibu vifaa.

("Basi mimi nina wanafunzi hapa," akasema Mwalimu Sirad. "Tumefika kwenye pembe za duara. Wape mpaka Novemba, Bwana Mkubwa. Baada ya mtihani nitakwenda hata kama ni Elwak kule mpakani.")

Nimekusikia, Mwalimu, na ombi lako limepokelewa kwa moyo mkunjufu na kukataliwa kwa moyo huo huo. Uhamisho ni amri ya utumishi. Mtumishi asiyeripoti anahesabiwa kuwa amejiuzulu kwa hiari yake mwenyewe, hata kama hakuwa na hiari hiyo. Rudi kwenye nafasi yako. Mpigieni makofi.

(Makofi hayakupigwa. Mwalimu Sirad akarudi penye Darasa la Nane, na wasichana wawili wakamshika mtandio wake, mmoja kila upande, kama vile lori lilikuwa limekwisha kuwasha injini.)

Ukurasa wa kumi na moja. Mama aliniuliza ni nani atakayewafundisha watoto. Ndugu wananchi, naomba tusitumie hisia. Pengo halitakuwepo, kwa sababu nafasi ya Mwalimu Sirad haitajazwa. Itaachwa wazi, kama heshima kwake. Katika kipindi cha hisabati, wanafunzi watakaa kimya na kutafakari mchango wake. Pamoja na hayo, ofisi yangu italeta karatasi kubwa ya kubandikwa ukutani, yenye rangi nne, inayoonyesha jedwali la kuzidisha kutoka moja hadi tisa, kwa kuwa kumi ilikatika kiwandani.

(Saynab akasimama tena. Safari hii hakuketi alipoambiwa aketi. Alisema: "Bwana Mkubwa, mimi si mtu wa hotuba. Baba yake Ayan alisema la Sita limetosha, msichana aolewe. Mwalimu akaja nyumbani. Chai yangu alikunywa, ndiyo, tena haikuwa na maziwa, ilikuwa ukame. Baba yake akasema, haya, asome, maadamu yuko na Sirad. Hakusema maadamu yuko na karatasi ya ukutani! Sirad akiondoka Jumatatu, Ayan anaondoka Jumanne. Na si Ayan peke yake. Waulize hawa wamama." Wanawake nyuma ya kivuli wakasema, "Kweli! Wallahi kweli!")

Mama, nakuelewa, na maoni yako yataingizwa kwenye sehemu ya Changamoto, ambayo ni sehemu nzuri sana ya ripoti na husomwa na watu wengi. Lakini lazima tutazame picha kubwa. Mtaa mmoja hauwezi kumzuilia mkoa mzima mtaalamu wake. Hebu niwaeleze Kituo chenyewe, ili mwone kwamba mnachokipoteza ni kidogo kuliko kile ambacho wengine watakipata.

Kituo cha Griftu ni jengo lenye mrengo wa kulia na mrengo wa kushoto. Mrengo wa kulia una ukumbi wa mikutano ya hisabati, maabara ya hisabati, na chumba cha kupumzikia wataalamu waliochoshwa na hisabati. Mrengo wa kushoto una kompyuta kumi na mbili, jenereta moja ya kuziendesha kompyuta, na jenereta ya pili ya kuisaidia ya kwanza. Mbele pana bustani yenye umbo la pembetatu, na katikati yake chemchemi ya maji.

(Minong'ono ilianza. Neno chemchemi lilirudiwa na watu wengi, kwa kuwa walikuwa na maswali kuhusu maji. Ndipo akasimama Abdille, mfanyabiashara wa ngamia, mtu mrefu mwenye vumbi la safari bado miguuni. Alisema: "Bwana, samahani. Mimi natoka Griftu juzi. Nilikaa hapo siku za soko, nanunua ngamia. Hiyo nyumba iko upande gani?")

Iko Griftu.

("Griftu naijua kama mfuko wangu. Kuna soko, kuna bwawa, kuna zahanati, kuna mikahawa ya chai, kuna ofisi na bendera yake. Hiyo ya mrengo iko wapi?")

Ndugu mfanyabiashara, nikuulize na mimi. Uliingia ndani?

("Ndani ya nini?")

Ndani ya Kituo.

("Bwana, nje yake sikuiona. Ndani nitaingia vipi?" Watu wakacheka mpaka Mwalimu Mkuu akasimama na kuinua mikono.)

Tulieni. Tulieni, tafadhali. Hili si jambo la kucheka, ni jambo la mafunzo. Mtu asiye na mafunzo anapokwenda mahali hutafuta ukuta. Mtaalamu hutafuta dira. Mradi wowote una hatua zake: kuna hatua ya kudhaniwa, hatua ya kuchorwa, hatua ya kuzinduliwa, hatua ya kutathminiwa, na baadaye kabisa, kama hali ikiruhusu, kuna hatua ya kujengwa, ambayo kusema kweli ni hatua ndogo, ya mafundi. Wewe ulipita Griftu ukiwa na macho ya ngamia. Sikulaumu.

("Macho ya ngamia yanaona mbali, adeer," akasema Abdille, akiketi. Adeer ni baba mdogo, na hilo ni neno la heshima. Alilitamka kwa heshima yote.)

(Hapo Maalim Hamze, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, ambaye pia ndiye mwalimu wa Kurani wa mtaa, aliinuka polepole kutoka kiti chake cha mbele. Hakuwa amecheka hata mara moja. Alisema: "Bwana Mkubwa, Mungu akuzidishie. Umesema maneno mengi na mazuri. Sisi watu wa hapa tunapenda mwisho tupate neno moja fupi, tulibebe mpaka nyumbani. Huyu Sirad ni binti yetu. Unataka kumpeleka mbali. Baba akitoa binti, anauliza kwanza: nyumba ipo? Basi nakuuliza wewe kama mzazi. Utampeleka kwenye nyumba yenye mlango, au utampeleka akakae nje?")

Maalim, umenigusa mahali nyeti, kwa sababu mimi pia ni mzazi, na zaidi ya hapo ni Naibu Mratibu Mwandamizi. Akakae nje? Mkuu wa Kituo changu akakae nje, kama mzigo uliosahauliwa na lori? Haiwezekani! Nasema hadharani, na kofia ya Msaidizi wa Chifu iwe shahidi: sitamhamisha mwalimu huyu kwenda mahali pasipo na paa, pasipo na mlango, pasipo na ubao. Heshima ya ofisi yangu hairuhusu.

("Kwa hiyo," akasema Maalim, "ataondoka siku nyumba itakaposimama, na ufunguo uko mkononi mwako.")

Siku hiyo hiyo! Siku nitakapokabidhiwa ufunguo wa Kituo cha Griftu, ndiyo siku Mwalimu Sirad atakapoondoka Bula Dhagah.

("Na kabla ya ufunguo?")

Kabla ya ufunguo haendi popote, hata mimi mwenyewe nikimwomba! Nani anapeleka mkuu pasipo na jengo? Hizo ni taratibu za zamani. Mwalimu Mkuu, andika hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano: agizo hili nililolitoa sasa, mbele ya umma, linafuta lile la Jumatatu. Andika kwa wino.

("Umesema wewe mwenyewe," akasema Maalim.)

Nimesema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikiwa na akili zangu timamu.

("Basi tusome Fatiha.")

Naam, naam, someni! Ni jambo zuri sana. Naona mmependa kuubariki mradi. Someni, mimi nitasimama.

(Wanaume kwa wanawake waliinua viganja, na Fatiha ikasomwa. Mgeni alisimama wima akitabasamu, akidhani ni dua ya kufungia sherehe. Hapa kwetu jambo lililokubaliwa barazani likishasomewa Fatiha limefungwa: ni hivyo katika posa, katika suluhu ya damu, na katika kugawana kisima. Anayelivunja hatozwi faini na mtu. Hukuta tu kwamba hakuna anayemsogezea kiti, wala anayemwuzia maziwa, na baraza likija kwa jambo lake, halijai. Dereva wa mgeni, ambaye ni mtu wa Galbet, si mbali na hapa, na anaijua mila hii, alikohoa mara kadhaa kumtahadharisha bosi wake. Alipoona kikohozi hakisaidii, naye akainua viganja vyake, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.)

Asanteni. Asanteni sana. Nimesisimkwa. Sasa nakaribia tamati, na ningependa tuseme pamoja kauli mbiu za Kituo, ambazo nimezitunga mwenyewe njiani baada ya Modogashe. Nikisema Hisabati, mseme Maendeleo. Hisabati!

("Maendeleo!")

Jamii ikihesabu!

(Kimya. Watu hawakuwa wameambiwa waseme nini.)

Mseme, Taifa lahesabika! Jamii ikihesabu!

("Taifa lahesabika!" walisema watoto wa Darasa la Nane kwa sauti kubwa sana. Walikuwa na furaha, na wangeitikia kitu chochote.)

Griftu juu!

("Juu!" Abdille akaongeza: "Juu kabisa, hatuioni!")

Ndugu wananchi, siwezi kuondoka bila kutoa shukrani kwa wote waliofanikisha Kituo hiki, kwa kuwa mradi mkubwa ni kazi ya mikono mingi. Kwanza, nawashukuru wazee wa Griftu kwa ukarimu wao wa kutoa kiwanja, ukarimu ambao nina imani wataonyesha pindi watakapoombwa. Namshukuru mkandarasi kwa kazi yake ya kiwango cha juu, na namwomba, popote alipo, ajitokeze, ili tumfahamu. Nawashukuru mafundi. Nawashukuru wafadhili kutoka nchi za nje, ambao wataguswa sana na maombi yetu pindi mpiga chapa wangu atakaporudi kutoka likizo ya uzazi na kuyapiga chapa. Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye aliniambia waziwazi kwamba hajui kuchora majengo, lakini ametuchorea chemchemi. Naishukuru Wizara kwa kuunga mkono Kituo hiki kwa hali na mali tangu siku ile itakapopata habari zake. Na mwisho, namshukuru Mungu, ambaye ndiye peke yake hadi sasa aliyekiona.

(Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi juu ya vichwa vyao, na mtu mmoja akagonga debe. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za Idi. Saynab alimpigia Ayan ukelele kutoka nyuma ya kivuli: "We Ayan! Unangoja nini hapo juani? Ingia darasani! Mwalimu wako yuko!" Mwalimu Sirad alilielekeza Darasa la Nane mlangoni kwa kidole, nalo likaingia, na kabla makofi hayajaisha sauti yake ilisikika kutoka ndani ikiuliza ni nani anayekumbuka pembe zote za katikati ya duara ni nyuzi ngapi.)

Nawashukuru. Nawashukuru kwa dhati. Katika utumishi wangu wote sijapata kupokelewa hivi. Naona mmeukubali mradi kwa moyo mmoja, nami nawaahidi, mbele ya hadhara hii, kwamba sitapumzika wala sitalala usingizi mpaka Kituo cha Griftu kimesimama na ufunguo wake umo mkononi mwangu.

("Hapana, Bwana Mkubwa!" akaita Saynab, na wenzake wakaitikia. "Usijichoshe! Pumzika! Wewe lala tu!" Naye Maalim Hamze, akimshika mgeni mkono kumsindikiza garini, akamwambia kwa upole: "Jenga taratibu. Sisi hatuna haraka.")

Mmesikia? Bwana Mwalimu Mkuu, andika na hilo. Kila ninakokwenda wananchi wananiuliza, mradi uko wapi, mradi utakwisha lini. Hii ni jamii ya kwanza katika mkoa mzima iliyonielewa.